Kroshia imerudi kwa kishindo: tuwafumie nini watu wa Nyanda za Juu Kusini, na kwa bei gani?

Mwanzisha uzi (Mbeya)

Wakuu, salaam. Siku hizi ukipita Mwanjelwa, Kabwe au hata kwenye maduka madogo ya Uyole, huwezi kukosa kuona blauzi ya kroshia imetundikwa mlangoni, kofia yenye maua ya rangi mbalimbali, au mkoba wa miraba begani mwa mwanafunzi wa chuo. Kazi hii hii tuliizoea kwenye migongo ya makochi, juu ya redio na juu ya jagi la maji, na vijana wengi waliiita ushamba. Leo inavaliwa kwenye sendofu na kupigwa picha. Nimeanzisha mjadala huu kwa sababu naona mabinti wengi wa hapa kwetu wananunua sindano na nyuzi kwa shauku kubwa, wanafuma kitu cha kwanza walichokiona mtandaoni, kisha wanakwama kwenye kuuza. Hoja yangu ni kwamba wanafuma nguo za watu wa pwani na kuzipangia bei ya nguo za mashine.

Nianze na mashine, maana ndiyo kiini cha thamani ya kazi hii. Sweta la shule ambalo watoto wetu huvaa asubuhi za Juni na Julai hufumwa kwa mashine, kwa sababu katika ufumaji wa aina ile vitanzi vyote vya mstari mmoja hukaa wazi kwa pamoja kwenye safu ya sindano, na mashine huvipitishia uzi vyote kwa mkupuo. Kroshia haiko hivyo. Kitanzi kilicho wazi ni kimoja tu, kile kilichoko kwenye sindano moja yenye ndoano, na kila mshono hukamilishwa kabla ya unaofuata kuanza. Halafu sindano huchomekwa popote mfumaji anapotaka: mbele, nyuma, kwenye nafasi kati ya mishono, au kwenye mstari wa chini kabisa. Watafiti wa Bielefeld nchini Ujerumani wameunda mashine ya majaribio inayoweza mishono ya msingi, lakini kiwandani bado hakuna mashine inayotoa kroshia halisi kwa wingi. Maana yake ni kwamba kila kroshia halisi unayoiona duniani, iwe kwenye duka la kifahari la Paris au kwenye meza ya mmachinga, imetoka mikononi mwa mtu aliyekaa akahesabu mishono.

Mitindo hii imewahi kuja na kuondoka. Wakati wa njaa kubwa ya Ireland, miaka ya 1840, watawa waliwafundisha wanawake na wasichana kufuma lesi ya kroshia, ikauzwa kwa matajiri wa Uingereza na kwingineko, na familia nyingi zilipata chakula kwa njia hiyo. Miaka ya 1970 ikaja zamu ya fulana na mablanketi ya miraba ya rangi nyingi. Wimbi la sasa lilishika kasi mwaka 2020, watu wa nchi nyingi walipofungiwa majumbani kwa sababu ya UVIKO-19 wakatafuta kazi ya mikono, na video fupi za mtandaoni zikawafundisha bila ada. Mwaka huo huo mwanamuziki Harry Styles alionekana na sweta la viraka la JW Anderson, vijana wakahangaika kuliiga hadi jumba la makumbusho la Victoria and Albert la London likalichukua na kulihifadhi. Lile sweta, kwa taarifa yenu, lilifumwa kwa sindano mbili na si kroshia, ingawa wengi wa walioliiga walitumia kroshia.

Sasa turudi nyumbani. Blauzi ya matundu matundu ni nguo nzuri kwa mtu wa Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar. Mtu wa Mbeya ataivaa miezi michache, na wa Njombe au Makete ataivaa ndani ya koti. Kwa nini basi tusifume shali nzito, kofia za kufunika masikio, soksi za kulalia, vizibao na mablanketi ya watoto, wakati baridi yetu ni mteja anayerudi kila mwaka bila kuitwa?

Mnyalukolo (Iringa)

Kamwene, mkuu. Nimekusoma vizuri, lakini kuna jambo linanitatiza. Umesema hakuna mashine ya kroshia kiwandani, ilhali hapa Iringa mjini kuna maduka yanayouza blauzi zenye sura ya kroshia kwa bei ambayo mfumaji wa hapa hawezi kuikaribia hata akipewa uzi wa bure. Zimefungwa kwenye mifuko ya plastiki, zinafanana moja hadi ya mia, na zimetoka ng'ambo. Kama si mashine, ni nini?

Mwanzisha uzi

Ndugu Mnyalukolo, swali lako ni la msingi, na jibu lake lina sehemu mbili. Nyingi ya nguo hizo ni vitambaa vya mashine vilivyobuniwa ili vifanane na kroshia. Kuna hata mashine zinazoitwa za kroshia, ambazo kwa kweli hutengeneza riboni na mapambo ya pindo kwa ufumaji wa aina nyingine. Geuza nguo uiangalie nje na ndani. Ukiona mishono imelala kama vijiherufi vya V vilivyopangana kwa safu ndefu, au nyavu ambayo nyuzi zake zimepindana bila fundo la mshono, na ukiona vipande vimekatwa kwa mkasi na kuungwa kwa ovaloki, hiyo ni mashine. Kroshia halisi ina mishono minene yenye kichwa na mguu. Ua au mraba wake huanzia katikati na kukua kwenda nje, na kingo zake hazikatwi kwa sababu kila kipande hufumwa kwa umbo lake.

Sehemu ya pili si ya kufurahisha. Zimo zilizofumwa kwa mkono kweli, na bei yake ikiwa ndogo kiasi hicho baada ya kulipa uzi, usafiri, ushuru na faida ya watu watatu wanne wa katikati, basi aliyeifuma kalipwa kiasi ambacho wewe na mimi tungekataa. Ukishindana naye kwa bei, unashindana kukubali njaa.

Mama wa Tukuyu

Wanangu, hamjambo. Nimestaafu ualimu na sasa niko nyumbani na sindano yangu. Nimefurahi kuona mnazungumza jambo hili kwa heshima, maana sisi tulijifunza kroshia kwenye somo la maarifa ya nyumbani na kwenye vikundi vya akina mama kanisani, na binti aliyekwenda kwa mume bila vitambaa vyake alionekana hakufundwa.

Ningependa kuongeza upande wa mapambo ya nyumba, ambao mwanzisha mada ameupitia kwa haraka. Vitambaa vya kochi vya zamani vilikuwa na kasoro moja kubwa: vilifanya sebule nzima ionekane imefunikwa, kila kitu na kitambaa chake, hadi televisheni. Vijana wanaojenga sasa wanataka ukuta mtupu, kochi la rangi ya kijivu na kitu kimoja au viwili vya kuvutia macho. Kwa hiyo mjukuu wangu hataki vitambaa kumi na viwili. Anataka foronya mbili nene za mito ya kochi, kapu la kuwekea rimoti, na duara moja kubwa la lesi lililonyooshwa ndani ya fremu na kutundikwa ukutani. Mishono ni ile ile niliyomfundisha mama yake. Kilichobadilika ni unene wa uzi na mahali kinapowekwa.

Kuhusu kukausha lesi ili isimame, sisi tulitumia maji ya sukari. Unachemsha sukari na maji, unaloweka kitambaa, unakikamua taratibu, unakitandaza juu ya ubao na kukichoma pini kila ncha hadi kikauke. Kinasimama vizuri, lakini hapa Tukuyu mvua haikatiki, hewa ina unyevu, kitambaa hulegea na kunata, na sisimizi huja kwa maandamano. Tumieni uji mwepesi wa wanga wa mahindi au wa muhogo. Haukazi sana kama sukari, ila hutaletewa majuto na sisimizi.

Binti wa Uyole

Shikamoo mama. Nashukuru kwa maelezo hayo. Mimi ndiyo kwanza naanza, na tatizo langu ni uzi. Dukani naambiwa kila kitu ni sufu. Nikifika nyumbani, uzi mwingine unang'aa kama plastiki, mwingine unakwaruza, na mwingine unanepa nikiufua. Nitajuaje ninachonunua?

Mama wa Tukuyu

Marahaba, mwanangu. Omba kipande kifupi cha uzi, au nunua bonge moja tu kwanza, kisha ukifika nyumbani ushike kipande hicho kwa kibanio na ukichome moto juu ya sahani. Pamba huungua kama karatasi, hunuka kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Sufu ya kondoo huungua kwa shida, hunuka nywele zilizoungua, na ukiutoa moto hujizima yenyewe. Akriliki huyeyuka, hutoa harufu ya kemikali na kuacha donge gumu jeusi. Usiliguse likiwa la moto, linanata kwenye ngozi.

Kila uzi una kazi yake. Akriliki ni nyepesi, hukauka haraka hata kipindi cha mvua, na rangi zake ni za kila aina. Ni nzuri kwa mablanketi, kofia na mito. Isipigwe pasi ya moto, itakufa na kulala kama nailoni. Pamba ni nzuri kwa mikoba, vitambaa vya meza na nguo za kuvaa wakati wa joto, ila ni nzito na hunepa ikilowa, hivyo nguo ya pamba ianikwe ikiwa imelazwa. Sufu halisi ni ya joto hata ikiwa na unyevunyevu, lakini ukiifua kwa maji ya moto na kuisugua itajikunja na kuwa ngumu kama zulia.

Kuna jambo moja msilichukulie kwa mzaha. Vishikio vya sufuria vifumwe kwa pamba tupu. Nimeona vishikio vya akriliki vinauzwa, vizuri kwa macho, na mtu akivishikia sufuria iliyotoka kwenye jiko la mkaa vinayeyuka mkononi mwake.

Muuza Mitumba (Makambako)

Habari za wakati huu. Niko kwenye biashara ya mitumba na nimeona hakuna aliyegusia chanzo cha uzi ambacho sisi wa nyanda za juu tunacho kuliko watu wa mikoa mingine. Kwa sababu ya baridi, masweta ya mitumba huja kwetu kwa wingi, na ndani ya mabelo hayo kuna sufu halisi na pamba nzuri ambazo madukani kwetu ni adimu. Sweta lenye tundu moja la nondo au doa la kifuani hakuna anayelitaka, huuzwa kwa bei ya kutupa. Mfumaji mwenye macho huliona kama mabonge ya uzi.

Siri iko kwenye mshono wa ubavuni. Geuza sweta ndani nje. Ukiona ovaloki, yaani kingo zimekatwa na kushonwa kwa nyuzi nyembamba nyingi, liache, kwa sababu kila mstari wa sweta umekatwa pembeni na ukilifumua utapata vipande vifupi vifupi. Tafuta lile ambalo pembeni kuna mnyororo unaofunguka, kingo zake zikiwa zimekunjana bila kukatwa. Fungua mshono wa ubavuni na wa mabega, anza kufumua kutoka juu kwenda chini, huku unazungushia uzi kwenye mgongo wa kiti. Uzi utatoka umejikunja kama tambi za kukaanga. Ufunge shungi hilo la uzi sehemu nne, uufue kwa maji ya uvuguvugu, uutundike na kitu kizito kidogo chini yake, na ukikauka utakuwa umenyooka. Msiwahi kuufuma kabla ya hapo, mishono haitalingana.

Lebo ya ndani isomeni kabla ya kulipa. Masweta mengi yana lebo ya asilimia za sufu, pamba na akriliki, hivyo huna haja ya kuchoma chochote sokoni kwetu.

Mfumaji wa Njombe

Kamwene mwe. Ushauri wa masweta ni wa dhahabu, lakini naomba turudi kwenye bei, maana ndiko tunakoumia. Nilifuma blanketi la miraba la kitanda kwa oda ya mtu ninayemheshimu, nikamtajia bei, akacheka na kuniambia kwamba blanketi la dukani ni nusu ya hiyo na lina joto zaidi. Na kweli lina joto zaidi. Nilimjibu nini cha maana?

Mwanzisha uzi

Pole, dada. Tuchukue blanketi lako kama mfano na tulipigie hesabu wazi, kwa makadirio tu. Tuseme lina miraba 100, na mraba mmoja mfumaji mzoefu huumaliza kwa dakika 20. Hizo ni dakika 2,000, yaani saa 33 na ushei, na bado hujaunganisha miraba, hujafuma pindo wala hujaficha ncha za nyuzi, kazi ambayo kila mfumaji anaichukia. Ukijilipa shilingi 1,500 kwa saa, ambayo si malipo ya kujivunia, ufundi wa miraba peke yake ni shilingi 50,000 kabla ya uzi. Kroshia pia hula uzi mwingi kuliko ufumaji wa sindano mbili kwa eneo lile lile. Anayetaka joto tu aelekezwe dukani kwa moyo mweupe, kwa sababu yeye hakuwa mteja wako tangu mwanzo.

Ndiyo maana mimi sishauri mtu aanze na mablanketi makubwa ya kuuza. Kofia moja nzito humalizika kwa saa chache, hutumia uzi mdogo, na mteja huilipia bila kikao cha familia. Shali ya shingoni hali kadhalika. Oda kubwa ichukuliwe kwa malipo ya awali yasiyopungua gharama ya uzi wote, na mteja aoneshwe mraba mmoja uliokamilika aukubali kabla hujaendelea. Vikundi vya wanawake na vijana vilivyosajiliwa vinaweza kuomba mkopo kutoka kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri huitenga kwa mikopo ya vikundi, lakini naomba mtu asikope kwa ajili ya kroshia kabla hajapata watu ambao hawajuani naye na ambao wamemlipa bei kamili. Ndugu na marafiki hununua kwa upendo, na upendo hauna oda ya pili.

Mnyalukolo

Hapo kwenye wateja nina neno. Hapa Iringa kuna kituo cha Neema Crafts, kilichoanzishwa mwaka 2003 na Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ambako mafundi wenye ulemavu hufuma vitambaa kwa vitanda vya kufumia, hutengeneza shanga na kazi nyingine, na wageni wanaokwenda Hifadhi ya Ruaha hupita hapo. Halafu kuna vikapu vya milulu, aina ya nyasi ngumu, vya akina mama wa Iringa, ambavyo vimevuka mipaka ya nchi na kuingia kwenye nyumba za watu wa mbali. Ninachojifunza hapo ni kwamba mnunuzi wa namna hiyo anataka kitu ambacho hawezi kukipata kwao. Mraba wa kroshia wa rangi nyingi kwao upo tele, bibi zao wanaufuma. Je, kwa nini mfumaji wetu asiunganishe milulu na kroshia, kwa mfano kapu la milulu lenye mdomo na mikanda ya kroshia ya pamba?

Mwanzisha uzi

Wazo hilo ni bora kuliko yote yaliyotolewa humu, na sitajifanya nililiwaza. Tatizo litakuwa kwenye maungio: milulu ni migumu na ina kingo, nayo itausaga uzi laini pale kapu linapobebwa. Pitisha kwanza mshono wa mkono kwa uzi mnene uliopakwa nta kuzunguka mdomo wa kapu, kisha mstari wa kwanza wa kroshia uushike huo mshono badala ya kuishika milulu yenyewe. Mikanda nayo ifumwe kwa mishono mifupi iliyobana, maana mishono mirefu huvutika na kapu lenye viazi litagusa magoti.

Binti wa Uyole

Nashukuruni nyote. Swali langu la mwisho: nimepata oda ya kofia ishirini za rangi moja ya maruni kwa ajili ya kwaya, na duka la karibu lina mabonge machache tu. Mwenye duka anasema atanifuatia mengine Kariakoo wiki ijayo. Nianze?

Mama wa Tukuyu

Usianze, mwanangu. Kwenye karatasi iliyozungushiwa bonge kuna namba mbili: moja ni ya rangi, nyingine ni ya mkupuo uliotiwa rangi kwa pamoja kiwandani. Namba ya rangi inaweza kufanana na mkupuo ukatofautiana, na dukani kwenye taa hutaona kitu. Kwaya ikisimama juani nje ya kanisa, kofia kumi zitakuwa maruni iliyokoza na kumi zitakuwa maruni iliyopauka. Mpe mwenye duka karatasi ya bonge moja aende nayo Kariakoo, akuletee yote ya mkupuo mmoja, na uongeze mawili ya akiba. Akikosa, chukua mikupuo miwili na ufume kila kofia kwa kupishana mstari wa bonge hili na mstari wa bonge lile, tofauti itajificha.